Mikia Myekundu ya Mke Mwenza

Jumamosi, tarehe 10 Februari

Mume wangu usiye na haya,

Kama umekufa, niambie nilie nimalize. Kama u hai, basi moyo wako ni wa jiwe la kusagia. Mvua zimekuja zikaondoka, paka wa jirani kazaa, kazaa tena, mlango wangu umebadilishwa bawaba, na wewe hujakanyaga hapa. Namba ya simu umebadilisha kama mwizi wa kuku. Anwani hii nimempora yule rafiki yako mwenye pikipiki. Nilimshikia ufunguo mpaka akaisema.

Hujambo lakini? Kile kifua kinakusumbua bado? Unakula, au unakunywa soda ukasema umekula? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yana maneno yao asubuhi. Baba yako hajambo. Usikunje uso, nimesema hajambo.

Anayeniandikia ni jirani yangu mshonaji, yule aliyekushonea kaptula za shule ukazichana magoti wiki ile ile. Mimi shule niliisikia kengele tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Anasema nipunguze ukali. Nimekataa.

Sasa nisikilize, kuna jambo limenivuruga kichwa. Ni habari za mke mwenza wangu, hilo gari lako jeupe, fupi kama kobe, ulilonitelekezea uani. Tangu uondoke nimelifunika turubai, maana mke mwenza ni mke mwenza lakini mvua humtakii mtu. Jumapili iliyopita baba yako kaja. Kanisalimia kwa mguu mmoja, mguu wa pili ushafika uani. Kavua turubai, kafungua boneti, kasimama akichungulia ndani kama mtu aliyeangusha ndoo kisimani. Kisha katoa spana zake za kazini, hizo hizo za mabomba ya maji, akaanza kufungua. Mpaka jua linazama uani kwangu kulikuwa kumelala mabomba kama nyoka waliopigwa.

Nikamuuliza, unalibomoa au unalitengeneza? Kasema, "Mama, naomba chai."

Wewe siku unaondoka, begi begani, uliniambia baba yako ndiye aliyeliua gari hili kwa mkono wake. Nami nikanyamaza, kwa sababu huyu nimemzaa na wewe nimekulea. Lakini mtu akishaua, anarudi kwa maiti kutafuta nini? Nieleze wewe uliyesoma.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa kwanza na wa halali.


Jumamosi, tarehe 24 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai magoti yametulia. Mimi ni mzima, kifua kimepona, na ninakula. Nimepata kazi kwenye gereji ya magari ya ofisi. Nabadilisha oili kutwa, magari yote yanafanana, hakuna hata moja linalokimbia. Nisamehe kwa kukaa kimya. Simu sitaki, Bibi. Ukishika wewe simu, najua Baba yuko nyuma yako.

Ulikuwa jikoni siku ile, hukuona yote, nami niliondoka kwa hasira. Ngoja nikueleze kwa utulivu.

Gari lile nililitengeneza hapo uani kwako kwa mikono yangu. Nililifungia tabo kubwa kuliko ya kiwandani, ili livute hewa nyingi na kutoa nguvu zaidi. Baba hakulipenda tangu siku ya kwanza. Jioni moja, nikiwa nimelifungua tena, tuligombana, akasema mbele yangu, na wewe ulimsikia: "Bora life lenyewe kabla halijakuua." Kesho yake nikalifunga, nikaliwasha. Rafiki zangu walikuja kulisikiliza. Halikufika hata kona ya duka. Lilipiga yowe, likatoa moshi wa buluu, likazima. Tulilisukuma kurudi. Nilipofungua bomba linaloingiza hewa kwenye tabo, nikakuta nyuzi za kitambaa. Kitambaa cha shati la kazi la Baba, Bibi. Ile buluu yake. Kilimezwa na tabo na kikazikata mbawa zake zote.

Nilikishika juu, nikamuuliza mbele ya watu kama ni chake. Akasema ni chake. Basi. Hakuongeza neno.

Sasa unaniambia anafungua mabomba. Nadhani anataka kulitoa vipande vipande ili nisiwe na cha kurudia. Niambie anatoa nini na anakipeleka wapi.

Mjukuu wako, mumeo.


Jumapili, tarehe 10 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Nimeipokea, ingawa umeituma kwa stempu badala ya kuileta kwa miguu. Afya yangu ile ile. Mshonaji anakusalimu, anauliza siku hizi suruali unashonesha wapi. Nimemwambia huko uliko wanavaa zilizochanika makusudi.

Barua yako kaisoma, nikamwambia rudia, na bado tabo sikuielewa. Nikamuuliza baba yako bila kutaja barua. Akanionyesha. Kumbe ni konokono. Konokono wa chuma, ukubwa wa sufuria ndogo, na tumboni ana feni. Anasema moshi wa gari ukitoka unamzungusha upande huu, naye upande wa pili anavuta hewa na kuisukumia injini. Nikasema, kwa hiyo gari linapulizwa na pumzi yake lenyewe? Akasema ndiyo. Nikamwambia ndiyo maana lilikuwa na kiburi.

Yule konokono wako wa zamani mbawa zimebaki kama meno yangu. Yuko mezani kwangu juu ya gazeti, vikombe nimevisogeza. Hajapelekwa popote. Hakuna kilichopelekwa popote. Badala yake vinaletwa. Wiki iliyopita kaleta konokono mwingine, kamtoa kwenye gari lililobondeka nyuma, kambeba kifuani amemfunga kwa kanga yangu kama mtoto mchanga. Nikamwuliza kama nimpakate.

Halafu lile sanduku la mbele lenye mapezi kama rejeta, lakini halina maji ndani. Kalitoa, kalisukutua kwa mafuta ya taa, kaligeuza huku na huku, mpaka likatema vipande vya kitambaa cha buluu na vumbi la chuma. Vile vipande hakutupa. Kavikamua, kavitia mfuko wa shati. Nikajifanya napepeta mchele.

Sasa lililonishinda ni la sabuni. Karudisha mabomba yote, kaziba midomo yake, kachukua pampu ya matairi akalijaza gari upepo tumboni. Kisha kaja jikoni kachukua sabuni yangu ya kufulia, kakoroga povu, na brashi ya rangi mkononi anayapaka mabomba povu moja moja, anainama, anatazama, anasogea. Nikasema mwanangu kaharibikiwa, anaogesha gari kwa ndani. Kwenye kiungo kimoja povu likaanza kutoa macho, pu, pu, pu. Baba yako kacheka. Peke yake, na povu puani. Unamjua, huyo kucheka kwake ni kama mgeni wa mbali, anakuja bila taarifa, wala halali.

Nikauliza kachekea nini. Kasema, "Hapa ndipo palipokuwa pakimsumbua."

Pakimsumbua nani? Hakusema, kaomba chai. Chai, chai. Siku moja nitamtia chumvi.

Ni mimi bibi yako, sielewi chochote.


Jumamosi, tarehe 23 Machi

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kazini, nimeisoma nimekaa ndani ya shimo, chini ya gari la mtu. Mimi ni mzima lakini sikulala vizuri.

Kiungo gani? Muulize, ama kachungulie mwenyewe: ni kile cha kulia, chini ya taa, bomba linapopinda kama kiwiko? Nauliza kwa sababu niliteseka na gari lile miezi. Presha ya tabo ilikuwa inapanda kwenye geji, halafu inashuka kabla haijafika ninapoitaka. Nilidhani ni mafuta. Kila jioni nilikaa ndani ya gari na kompyuta yangu ya kupakata, naongeza mafuta, napunguza, nalizungusha mtaa, narudi. Kumbe hewa ilikuwa inavuja muda wote. Hiyo ya povu ndiyo njia ya kutafuta uvujaji. Mimi niliijua kwa kuisoma tu, sikuifanya, niliona ni kazi ya kuchosha. Yeye kaijulia wapi? Au ndivyo wanavyopima mabomba ya maji?

Sielewi, Bibi. Anayetaka kuua gari hazibi mahali linapovuja. Lakini shati lilikuwa lake, na alikubali mwenyewe.

Mwambie jambo moja, nalo ni la hatari. Asiliwashe akalikimbiza. Kompyuta yangu ndiyo inayoliambia gari limwage mafuta kiasi gani kwa hewa inayoingia, na niliipanga wakati hewa inavuja. Sasa hewa haivuji, mafuta hayatatosha, injini itaungua kutoka ndani. Na kompyuta ninayo mimi.

Mwambie pia aondoe mikono kwenye gari langu. Mwambie nimesema mimi.

Mjukuu wako.


Jumapili, tarehe 7 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Wewe lala. Mtu asiyelala usiku atasinzia chini ya gari la mtu, aamkie chini ya tairi.

Nimekwenda kuchungulia, magoti yamelia, na ndiyo, ni kile kiwiko cha kulia chini ya taa. Umefurahi?

Ujumbe wako nimeufikisha. Nikamwambia baba yako, nimepata barua ya mume wangu. Spana ikamsimama mkononi. Nikamwambia anasema usiliwashe, litaungua. Kasema, "Najua. Sijawahi kuliwasha, mimi ni wa mabomba tu. Akili yake anayo mwenyewe." Nikamwambia anasema pia uondoe mikono kwenye gari lake. Kaitazama mikono yake, ina mafuta mpaka kwenye viwiko. Kaenda kunawa. Kakaa kwenye ngazi yangu muda mrefu, kisha kachukua spana akaendelea. Sikumzuia. Wewe uko mbali, na mimi sitasimama kati ya wanaume wawili kama kizingiti, kila mtu ananikanyaga.

Ila kuna kitu kimenichekesha, nikakiweka nikuandikie. Gari lako limeota mikia.

Baba yako kila anapofungua bomba, kabla hajaenda kunywa hiyo chai yake, anaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa. Hilo si jipya, ndivyo kazi yao ilivyo. Tangu kijana, ukimwita kwako kutengeneza bomba ataziba kila mdomo ulio wazi, mjusi asiingie, mchanga usiingie, mvua isiingie. Hata choo changu kilipokuwa kinajengwa, bomba lilikaa na kitambaa cha leso yake wiki nzima. Kipya ni hiki: kaja kwa mshonaji kuomba vipande. Mshonaji kampa vya kijivu, kakataa. Kavitaka vyekundu, na virefu. Sasa kila mdomo una kitambaa na kila kitambaa kina mkia mwekundu unaoning'inia mpaka chini. Upepo ukivuma mke mwenza wangu anacheza ngoma.

Nikamuuliza, mikia ya nini yote hii, unataka kumwoza? Kasema, "Ni ili hata mwenye haraka auone."

Mshonaji anasema nimalizie hapa, nguo ya mtu inamsubiri. Wewe unaelewa maana yake? Mimi sijaelewa.

Ni mimi bibi yako.


Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Muulize swali moja, usiongeze wala usipunguze. Kile kitambaa cha buluu, siku ile, kilikuwa na mkia?

Nauliza kwa sababu nakumbuka kitu. Asubuhi ile nilikuwa nafunga lile bomba la kwenye mdomo wa tabo. Rafiki zangu walikuwa getini wanapiga honi. Kulikuwa na kipande kinaning'inia pale kwenye kiungo, chenye rangi ya oili. Nilidhani ni nyuzi za taulo langu la kufutia mikono. Kilikuwa kinazuia mkanda wa chuma usibane. Nilikikata kwa wembe, nikafunga.

Nilidhani ni nyuzi, Bibi.

Mjukuu wako.


Jumapili, tarehe 28 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Sote wazima.

Nimemuuliza kama ulivyosema. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo ipo nje. Nikaiambia miguu: mume wangu anauliza, kile kitambaa cha siku ile kilikuwa na mkia? Nikamtajia na habari ya wembe, maana mshonaji alikuwa kanisomea nikaishika kichwani. Nikaona miguu imetulia kama ya mtu aliyelala. Kisha akasema kutoka huko chini:

"Ulikuwepo. Lakini ulikuwa mfupi. Mwambie ulikuwa mfupi."

Basi nikakaa juu ya tairi, nikamwambia atoke anieleze kama anavyomweleza mtoto. Katoka. Anasema ile jioni mliyogombana alikuja kuchukua ngazi yake, wewe ulikuwa umekwenda kuwaalika rafiki zako. Kakuta umeacha konokono mdomo wazi, na wingu limeshafunga. Hakuwa na kitambaa, kachana shati lake alilovaa, kaziba, kaacha mkia nje kama wafanyavyo. Anasema fundi anayeziba anawajibika kuacha mkia ambao hata kipofu ataushika. Yeye aliacha wa vidole viwili, kwa sababu bado alikuwa na hasira na gari. Kisha akaenda zake bila kukuambia, kwa sababu bado alikuwa na hasira na wewe.

Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Mwaka mzima mtoto anakuita muuaji. Kasema alipokuona umeshika kitambaa mbele ya watu, na macho yako yale, alijua akisema neno lolote litakuwa la kuomba huruma. Na shati lilikuwa lake. Ulimuuliza kama ni lake, akakujibu.

Sasa mimi nimebaki na kichwa kizito. Nimewazaa na kuwalea ninyi wawili, nimewafundisha kusema naomba na asante, na hamkuwa na uwezo wa kusema "kuna kitambaa humo". Neno dogo hivyo. Mkaacha gari lilimeze.

Andika. Umjibu yeye, si mimi.

Ni mimi bibi yako.


Jumapili, tarehe 30 Juni

Mume wangu,

Nilisema uandike. Mei imepita, Juni inaondoka, nikipiga macho getini kila gari la posta likipunguza mwendo. Badala ya barua limekuja boksi. Jana dereva wa basi kagonga, kanipa boksi limefungwa kwa gundi mpaka nikatumia kisu cha vitunguu. Ndani kompyuta yako na waya wake. Nikatikisa boksi, nikageuza, nikapekua hata kwenye vile vipande vyeupe vinavyopasuka. Hakuna karatasi. Hakuna shikamoo.

Nikamwita baba yako. Kaifungua kwenye meza, pembeni ya konokono wa zamani. Imewaka, ikamwuliza neno la siri. Kaitazama, nayo ikamtazama. Mshonaji kasema jaribu jina lake. Kajaribu. Imekataa. Jaribu jina la gari. Imekataa. Baba yako kaifunika taratibu, kasema, "Kumbe nayo imezibwa mdomo." Na nimeona, mume wangu, kwamba alitaka kucheka, ikamtoka sauti nyingine.

Nimefikiri usiku kucha kwa nini umeituma. Nadhani nimekuelewa, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuandikiana. Umeona haya. Umetaka gari lipone bila wewe kusimama pale mbele yake. Umetuma akili yako kwa basi, mwili ukabaki. Aliyekufundisha hivyo ni baba yako, aliyeziba akaondoka bila neno. Mko sawa kama mabakuli mawili ya seti moja, na nyote mna ufa mahali pamoja.

Kwa hiyo kompyuta yako nimeirudisha. Usishtuke. Utaikuta ndani ya boksi hili, chini ya barua hii, imefungwa kwenye kanga yangu ile iliyombeba konokono. Baba yako alisema isirudishwe, itamkatisha tamaa. Nikamwambia aliyeolewa hapa ni mimi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, kachukua kipande cha mshonaji, kakifunga kwenye waya wake. Chekundu. Kirefu. Ukifungua boksi ndicho utakachokiona kwanza, hata kama una haraka.

Habari za mke mwenza ni hizi. Mabomba yote yamefungwa. Povu limepita kila kiungo, hakuna jicho. Mikia yote imetolewa, baba yako kaikunja na kumrudishia mshonaji, isipokuwa mmoja. Umebaki ule wa kwenye mdomo wa konokono. Bomba lake halijafungwa, liko kando juu ya gazeti na mkanda wake wa chuma. Nimemwambia amalizie. Kasema huo hautoi yeye.

Turubai nimelitoa. Sasa nalifuta vumbi asubuhi, na wakati mwingine naliambia habari zako, maana wake wenza wakizeeka hupatana.

Ukija, sikiliza. Kompyuta uibebe wewe mwenyewe mapajani, isipande kwenye buti. Usipitie mlango wa mbele na usinisalimie mimi kwanza, nitakuwa jikoni nimejifanya kiziwi. Zunguka uani. Utamkuta. Usiseme samahani ukiwa umesimama, mtajibizana. Piga goti mbele ya lile boneti, ushike mkia uuvute polepole, usiukate, mpaka kitambaa chote kitoke. Mpe mkononi. Kisha mlifunge lile bomba wote wawili, mmoja ashike mkanda, mwingine azungushe spana, na yeyote atakayekuwa wa kwanza kuomba chai, aje jikoni mwenyewe kuichukua.

Ni mimi bibi yako, mkeo.